Kaa karibu na mikono ya wenzako: kwa vijana wanaoanza kuchonga Lamu

Kushika patasi, kuijua mbao, kunoa, kupiga randa: hayo yote fundi wako atakufundisha, na ukiwa na subira utayapata. Mimi nataka kusema nanyi habari ya jambo jingine ambalo kwa kawaida karakanani halisemwi, nalo ni namna ya kupata ari na fikra kutoka kwa watu wenye vipawa walio karibu nawe, hasa wale wasiochonga.

Vijana wengi siku hizi hutafuta fikra kwenye simu. Wanahifadhi picha za milango ya Zanzibar, ya India, ya Moroko, kisha wanakaa mbele ya ubao mweupe wasijue waanzie wapi. Picha inakuonyesha kazi iliyokwisha. Haikuonyeshi fundi alisita wapi, alifuta nini, kwa nini ua hili amelipunguza na lile akaliacha. Ukiona vyaelea vimeundwa, na wewe unachohitaji ni kuona vinapoundwa. Kwa hiyo mtafute mtu, ukae naye akiwa kazini.

Nina rafiki anayeshona kofia za mkono. Baada ya sala ya alasiri hukaa barazani na kitambaa chake, sindano na uzi, na watu wanapita wanamsalimu bila kumkatiza. Kabla hajagusa nakshi, huuchukua ukanda wa pembeni wa kofia, akaukunja katikati, akaukunja tena, na kila mkunjo akautia alama ya uzi. Ndipo anapoyapanga maua yake kati ya alama na alama. Nilipomwuliza kwa nini anahangaika hivyo, alinionyesha mahali ncha mbili za ukanda zinapokutana. Ua likikatika pale, akasema, msikitini safu nzima ya nyuma italiona.

Jambo hilo limenifaa zaidi ya mambo mengi niliyoambiwa kuhusu mbao. Fremu ya mlango ina shida ileile: miimo miwili inapanda, kizingiti cha juu kinalala, na kwenye pembe nakshi lazima ikutane. Anayeanza huchonga kutoka chini kwa furaha, maua yanafuatana vizuri, akifika pembeni amebakiwa na nusu ua. Tangu siku ile nakata uzi sawa na urefu wa mwimo, naukunja kama afanyavyo rafiki yangu, naweka alama kwenye ubao kwa penseli, kisha ndiyo nachukua bikari. Rula inakupa vipimo, lakini uzi uliokunjwa unakupa ugawaji, na nakshi ni ugawaji kwanza. Hakuna fundi wa mbao aliyenionyesha hilo. Nilionyeshwa na mshona kofia.

Na ukitazama vizuri utaona kwamba hapa kwetu fani zimekuwa zikitazamana tangu zamani. Nenda Makumbusho ya Lamu ukasimame mbele ya siwa, yaani baragumu kubwa za sherehe, ile ya pembe za ndovu ya Pate na ile ya shaba ya Lamu. Nenda katika nyumba ya zamani iliyohifadhiwa ukatazame ukuta wa zidaka, vile vishubaka vya ukutani, chokaa iliyochongwa safu juu ya safu. Ukijaliwa kuona msahafu ulionakiliwa Siyu, kisiwani Pate, tazama mapambo ya pembezoni, wino mwekundu, mweusi na wa manjano. Kisha rudi mtaani, simama mbele ya mlango wa zamani, utazame mfaa, ule mti wa katikati ambapo mbao mbili za mlango hukutana. Mnyororo, ua, jani linalojizungusha: utakutana navyo tena na tena, kila mmoja akivitengeneza kwa kifaa chake. Mji huu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, na wageni wanavuka bahari kuja kuuona. Wewe uko ndani yake na kuta ziko wazi. Tembea na daftari.

Matondoni nako nenda, kwa mashua au kwa miguu, mahali wanapounda majahazi. Mafundi wa pale hawana mchoro wa karatasi. Tazama fundi mkuu anapokagua ubavu wa chombo. Anaweka tezo chini, anarudi nyuma hatua kadhaa, anafumba jicho moja, anahamia upande wa pili, anatazama tena. Kisha anarudi na kuondoa utepe mwembamba wa mbao ambao wewe usingedhani una kosa lolote. Kwa mchongaji hilo ni somo la kusimama mbali na kazi yako. Sisi tunainamia ubao umelala juani, mwanga ukiupiga kutoka ubavuni, na nakshi inaonekana imezama vizuri. Lakini mlango utasimama katika kichochoro chembamba, mwanga ukishuka kutoka juu, na mtu ataupita ubavuni akiwa karibu. Usimamishe ubao wako kivulini kabla hujaumaliza. Pita mbele yake kama mpita njia. Utaona wapi kina hakitoshi.

Kuhusu marafiki, chagua wale wanaoonyesha kazi mbichi. Washairi wa Lamu wanalifahamu hili kuliko sisi. Mtu analeta ubeti barazani haujatulia, mizani nane kwa nane, anausoma, na hapo hapo anaambiwa kina cha kati kimelegea. Hakasiriki. Kesho anakuja nao umesimama. Sisi wachongaji tuna tabia ya kufunika ubao kwa gunia hadi siku ya kumkabidhi mwenye mali, na nadhani tabia hii inatunyima mengi. Nakshi iliyochorwa kwa penseli bado inafutika. Ikishapigwa patasi hairudi. Basi waite wenzako wakati wa penseli.

Utakutana na rika lako anayekuzidi mbali, na moyo utakuuma. Usimkimbie. Wivu ukikaa bila kazi hugeuka husda, lakini ukiupa swali unakuwa darasa. Jiulize ni kitu gani hasa amefanya. Je, amepunguza maua akaacha nafasi ipumue? Kingo zake ni kali kuliko zako? Ukishakipata kwa jina, mwendee, umsifu kwa hicho hicho, umwulize anakifanyaje. Wenye vipawa wengi hupenda kuulizwa jambo mahususi. Wanachoshwa na “mashallah, kazi nzuri” isiyofuatwa na swali.

Kuiga kwa kujifunza hakuna ubaya. Kila fundi ameiga. Iga kwa mkono, kwenye kipande kidogo cha mbao ya bei nafuu, usiguse mbambakofi. Lakini ukitaka kuiuza nakshi ya mtu aliye hai, mwombe ruhusa kwanza, na mteja mwambie imetoka kwa nani. Mji ni mdogo na kila mkono unajulikana.

Kama bado huna watu wa namna hii, anza na mabaraza baada ya alasiri. Toa salamu, kaa, usitoe simu. Swali la kwanza liwe la kifaa: uzi huu unanunua wapi, sindano hii namba gani. Mtu hujibu kwa wepesi kuhusu kifaa chake, na baada ya hapo mazungumzo ya nakshi huja yenyewe. Siku nyingine mpelekee kahawa, umsaidie kukata uzi au kushika ncha ya kitambaa. Naye akija karakanani kwako, mwekee kiti mahali anapoiona mikono yako, na ule ubao wenye gunia uufunue.