Jibu: Ukali wa Picpoul de Pinet, na je, ihifadhiwe?

Ndugu, umeuliza kama Picpoul yako, divai nyeupe ya Languedoc kusini mwa Ufaransa, yenye ukali wa kukunja uso, itatulia ukiiweka miaka mitano. Haitatulia, itapoteza harufu tu. Zabibu nyeupe ya piquepoul, inayotengenezea divai hii, hubaki na asidi nyingi hata kwenye joto la Languedoc, na ndiyo maana huko hunywewa na chaza wa ziwa la chumvi la Thau.

Kwenye kiwanda cha ushirika kama L'Ormarine, pale Pinet, kazi kubwa ni kuilinda asidi hiyo. Zabibu huvunwa usiku au alfajiri kwa sababu zikifika kiwandani na joto, maji yake hudhurika haraka na hewa na kugeuka kahawia. Yakishakamuliwa hupozwa ili tope lishuke, kisha huchachushwa taratibu kwenye matangi ya chuma cha pua, nyuzi 16 hadi 18 hivi. Uchachushaji wa pili, ule unaolainisha asidi ya maliki (asidi kali kama ya tufaha bichi), kwa kawaida huzuiwa. Kwa hiyo ukali huo si kasoro.

Soma mwaka wa mavuno na uinywe ndani ya miaka 2, kwa nyuzi 8 hadi 10. Ikitoka kwenye friji kali utaonja asidi tupu (huenda ndilo tatizo lako).