Asilimia 40 ya mguu si asilimia 40 ya kazi

SWALI: Asalaam aleikum, Bi Mshauri. Mimi ni dereva wa foklifti kwenye yadi ya makontena hapa Mombasa; nyumbani ni Mtongwe. Mwezi wa tatu mzigo uliniangukia kazini, nikakatwa mguu wa kushoto chini ya goti. Daktari ameandika ulemavu wa kudumu wa asilimia 40. Sasa meneja ameniletea barua ya kustaafu kwa sababu za kiafya, ati nitie sahihi. Jamaa mmoja kaniambia nimwone mshauri wa urekebishaji. Mimi sina wazimu. Mshauri wa nini? Na hiyo asilimia 40, ndiyo kusema nimebaki mfanyakazi wa asilimia 60?

JIBU: Wa aleikum salaam, kaka yangu, na pole sana. Kwanza, barua hiyo usiitie sahihi. Omba nakala, sema utajibu kwa maandishi. Ukishasaini, itasemwa uliondoka kwa hiari yako, na hapo hata wakili mzuri atatoka jasho.

Asilimia 40 ni hesabu ya fidia, basi. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007, ile watu wanaiita WIBA, hupigia hesabu mshahara wa miezi 96. Tuseme unapokea shilingi 30,000 kwa mwezi: mara 96, halafu asilimia 40 yake, ni shilingi 1,152,000, mradi isivuke mipaka ya chini na juu iliyowekwa. Dai hilo huwasilishwa ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali, na huanzia kwa mkurugenzi wa usalama na afya kazini, si mahakamani. Matibabu na mguu bandia navyo ni juu ya mwajiri. Lakini daktari alipima mguu. Hakupima foklifti.

Kupima foklifti ndiyo kazi ya mshauri wa urekebishaji. Ndiyo, mtazungumza naye pia juu ya usingizi na hasira, maana mtu hapotezi mguu akaendelea kama kawaida. Ila sehemu kubwa ya kazi ni kukaa na wewe na kuivunjavunja siku yako ya kazi vipande vipande. Kwenye foklifti ya otomatiki, mafuta na breki hukanyagwa kwa mguu wa kulia, na huo unao. Pedali ya kushoto ni ya kusogea polepole huku ukiinua mzigo. Je, kwa mguu bandia utaihisi vya kutosha? Unapanda na kushuka mara ngapi kwa shifti? Joto letu hili hufanya kigutu kitoe jasho na kuchubuka, kwa hivyo unahitaji dakika chache za kuvua na kukausha. Na kuna feri ya kukuvusha kutoka kwenu Mtongwe: ule mteremko wa kivukoni Likoni saa ya msongamano, kwa mtu anayejifunza kutembea upya, ni mtihani kuliko foklifti yenyewe. Pengine kinachotakiwa ni kubadilishiwa saa ya kuingia tu. Na mkiona kuendesha hakufai, mnatazama kazi nyingine pale pale yadini, kwa mfano kupokea na kuhesabu mizigo.

Hayo yote huandikwa kwenye ripoti, na ripoti hiyo ndiyo hupeleka sheria mezani kwa meneja. Kifungu cha 27 cha Katiba kinakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 46, inasema ulemavu si sababu halali ya kumfukuza mtu. Na akidai huwezi kazi, kifungu cha 41 kinamtaka akueleze sababu kwa lugha unayoielewa, ukiwa na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama, na akusikilize. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2025, iliyochukua nafasi ya ile ya 2003, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi atenge angalau asilimia 5 ya nafasi kwa watu wenye ulemavu. Kwa maoni yangu, mwajiri anayemtoa dereva mzoefu ili baadaye atafute mlemavu mwingine wa kujaza hesabu hajui hesabu.

Marekani, taaluma hii ilikua pamoja na sheria zao, tangu ile ya urekebishaji wa kikazi ya 1920. Kwetu mara nyingi utaikuta imegawanyika: kidogo kwa mtaalamu wa tiba kazi (anayemsaidia mgonjwa kurudia shughuli zake za kila siku), kidogo kwa afisa wa ustawi wa jamii, kidogo kwa mshauri nasaha. Usichoke ukitumwa huku na huku. Uliza swali moja kila mlango: nani ataandika ninachoweza kufanya?

Ukienda, chukua ripoti ya daktari, risiti za mshahara, na viatu vyako vya kazi, vyote viwili. Fundi wa mguu bandia hupangilia mguu kwa urefu wa kisigino.