Bibi Anamsema Mjukuu Katika Sala

SWALI: Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Ninaishi na mume wangu, mwanangu wa kiume mwenye umri wa miaka 17, na mama yangu mzazi aliyehamia kwetu baada ya baba kufariki. Tangu mwanangu alipoacha kuhudhuria ibada, mama humtaja kila asubuhi katika sala ya familia, akimweleza Mungu makosa yake moja baada ya jingine, naye yupo hapo hapo anasikiliza. Sasa kijana hatoki chumbani hadi sala iishe. Mama hunilaumu kwamba nimelea kwa ulegevu, mwanangu hunituma nikamwambie bibi yake aache kumsema, na mama mdogo anasisitiza kuwa hii ni laana ya ukoo, kwa kuwa kaka yangu naye aliacha imani akiwa na umri kama huo. Mama na mama mdogo wote wawili wanataka nimwite mchungaji wetu aje amweke kijana kitako. Nifanye nini?

JIBU: Asifiwe sana, mama. Nianze na hiyo sala, kwa sababu nadhani hapo ndipo mambo yalipokwama. Sala ambayo kwa maneno inaelekezwa kwa Mungu, lakini kwa nia inamlenga mtu aliyepiga magoti kando yako, humfunga mtu huyo pande zote: hawezi kujibu, kwa maana hakuna anayemkatiza mwenye kusali, wala hawezi kuondoka bila kuonekana amemkimbia Mungu. Mwanao ameamua kubaki chumbani. Sisemi kwamba amefanya vema, ila sioni katika hilo dalili ya kumkataa Mungu. Huenda amechoka tu kusomewa mashtaka kila kunapopambazuka.

Hata hivyo tusimhukumu mama yako haraka. Habari za kaka yako umezitaja kwa maneno machache, tena kupitia kinywa cha mama mdogo, nami nimeyarudia maneno hayo mara kadhaa. Mzazi aliyemwona mwanawe akiiacha imani, na ambaye pengine hakupata hata mtu mmoja kanisani wa kumlilia bila kuulizwa alimleaje, anapomwona mjukuu akianza kukosa ibada hamwoni mjukuu peke yake. Ukali wake naona ni hofu ya kupoteza mara ya pili.

Ndiyo maana neno laana silikubali. Wanaolitumia hunukuu Kutoka 20:5 na kuishia hapo, bila kusoma aya inayofuata juu ya rehema kwa maelfu, na bila kufika Ezekieli 18, ambako nabii anakanusha waziwazi kwamba mwana huuchukua uovu wa baba yake. Kinachopita kizazi hadi kizazi, kwa jinsi ninavyoona, ni mazoea. Isaka alimpenda Esau na Rebeka akampenda Yakobo. Na Yakobo huyo huyo, aliyeonja uchungu wa nyumba iliyogawanyika, akaja kumpendelea Yusufu mbele ya ndugu zake. Katika nyumba yenu zoea lililorithiwa huenda ni kutozungumza moja kwa moja juu ya jambo linaloumiza.

Hapo ndipo unapoingia wewe. Murray Bowen, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, alieleza kwamba watu wawili wakishindwa kuvumilia mvutano kati yao humvuta mtu wa tatu aubebe. Wa tatu ni wewe, na hakuna anayekuuliza unaendeleaje. Mwanao akikutuma tena, mwambie, "Mwanangu, neno hilo ni lako na bibi yako, nitakaa nawe ukimwambia, lakini sitalibeba."

Kwa mama yako nenda ukiwa peke yako, kwa heshima ambayo Paulo anamwagiza Timotheo awe nayo kwa wanawake wazee, yaani kama kwa mama. Usianze na sala zake. Anza na kaka yako: muulize ilikuwaje, kisha usikilize hata kama itachukua jioni nzima. Baadaye, si siku hiyo hiyo, mwombe amsimulie mjukuu wake jinsi yeye mwenyewe alivyoamini, pamoja na miaka aliyoyumba, kama ipo. Mtunzi wa Zaburi ya 71, mwenye mvi tayari, anamwomba Mungu asimwache hadi awaeleze vijana nguvu zake. Haombi nafasi ya kuwaeleza makosa yao. Watu watakutajia Loisi, bibi yake Timotheo, nami nimesikia mahubiri marefu sana juu ya mbinu zake za malezi, ingawa Biblia inamtaja mara moja tu na haisemi lolote kuhusu mbinu.

Kuhusu mchungaji, mwite, lakini si kwa kazi hiyo ya kumweka mtu kitako. Nilipokuwa mgeni katika huduma niliitwa hivyo hivyo, nikaketishwa pamoja na wazee wanne, kijana akiwa mbele yetu. Alijibu "ndiyo" kwa kila nililosema, nami nikaondoka nimeridhika, kanisani hakurudi. Mwombe mchungaji wenu amsikilize kila mmoja peke yake, na asipeleke ya huyu kwa yule, isipokuwa pale usalama wa mtu unapokuwa hatarini. Mwanao asilazimishwe kwenda ibadani wakati huu, lakini mlango wa sala ya familia ubaki wazi kwake, na jina lake litajwe humo kwa shukrani tu.

Jambo la mwisho. Barua yako imenieleza mawazo ya mama yako, ya mwanao na ya mama mdogo, lakini mumeo umemtaja mara moja tu, kwamba mnaishi naye. Kabla hujamwita mchungaji, muulize baba wa kijana anaonaje.