Maswali ya Wasomaji: Howard Ni Chuo cha Nani, na Insha Iandikwe Vipi?

Binti yangu anaomba nafasi Chuo Kikuu cha Howard, Washington. Ndugu wanasema ni cha Wamarekani Weusi tu. Tena ameshauriwa insha yake iguse maadili ya chuo. Amejaza ukurasa kusifia ubora, nami naona hauna kitu. (Mzazi, Arusha)

Ndugu wamekosea. Howard ni kimoja cha vyuo vya kihistoria vya Wamarekani Weusi (HBCU). Sheria ya Marekani ya elimu ya juu ya 1965 inavitambua vyuo vya aina hii kwa mambo matatu: viwe vilianzishwa kabla ya 1964, dhamira yao kuu iwe ilikuwa na bado ni kuwasomesha Wamarekani Weusi, na viwe na ithibati, yaani kutambuliwa rasmi kwa ubora wao. Rangi ya mwombaji haimo. Bluefield State, huko West Virginia, kimo katika kundi hilo ingawa wanafunzi wake wengi ni Wazungu. Howard yenyewe, iliyopewa hati na Bunge la Marekani tarehe 2 Machi 1867, ilianza na mabinti Wazungu wa waanzilishi miongoni mwa wanafunzi wake.

Kuhusu insha, umeona sawa. Howard hutaja ubora, uongozi, huduma na ukweli. Wanaopitia maombi wanayajua maneno hayo kuliko binti yako. Achague moja tu. Sisi tungechagua huduma, kwa kuwa ndiyo yenye historia nzito pale. Charles Hamilton Houston alipoanza kuiongoza shule ya sheria mwaka 1929, ilikuwa ya masomo ya jioni. Akaifanya ya kutwa, akakaza viwango, na 1931 ikapata ithibati ya chama cha mawakili cha Marekani. Alitaka mawakili wa kwenda mahakamani kupigania haki za Weusi. Mwanafunzi wake Thurgood Marshall alihitimu hapo 1933, na 1954 akashinda kesi iliyoharamisha kutenga watoto wa shule za umma kwa rangi.

Kwa hiyo binti aeleze jambo moja alilowafanyia watu: nani walinufaika, lilichukua muda gani, lilikwama wapi na alilikwamuaje. Aya ya mwisho itaje programu anayoitaka na jinsi itakavyoendeleza kazi hiyohiyo. Insha nyingi huharibikia hapo: mwombaji hueleza ndoto, haelezi kazi.

Vyuo hivi vina uhusiano wowote na kwetu? (Mwalimu, Kiambu)

Upo, tena Kiambu kwenu. Mbiyu Koinange, aliyekuja kuwa waziri wa Kenya, alikwenda kusoma Hampton, chuo cha Weusi huko Virginia, mwaka 1927. Hampton, iliyoanzishwa 1868, ilisisitiza ualimu na kazi za mikono, na mfano wake ndio uliofuatwa na Shule ya Jeanes ya Kabete, ya kufunza walimu wa vijijini, 1925. Mfano huo ulipingwa hata na Wamarekani Weusi wenyewe: W. E. B. Du Bois, msomi Mweusi aliyehitimu Fisk, chuo kingine cha kundi hilo, aliona unawafunga Weusi kwenye jembe na randa.

Nitajuaje kama maadili ya chuo si maneno ya ukutani? (Mwanafunzi, Mombasa)

Fungua orodha ya kozi za lazima, si ukurasa wa dhamira. Tazama kama historia ya watu Weusi inasomwa na wote au ni ya hiari. Kisha hakiki ithibati. Ya Howard hutolewa na tume ya Middle States. Fedha uziulizie mapema: misaada ya masomo ya serikali ya Marekani haiwahusu wanafunzi wanaokwenda kwa viza ya masomo, hivyo omba ufadhili wa chuo chenyewe, na uulize kwa maandishi kama ni wa mwaka mmoja au wa miaka yote minne.