Zabibu usiziache, dada, acha soda

Dada, umeuliza kama uache zabibu kwa sababu sukari ya matunda, yaani fruktosi, inaharibu ini. Hapana. Hata hii sukari ya kwenye chai, nusu yake ni fruktosi hiyo hiyo.

Tofauti na glukosi, sukari nyingine ambayo mwili mzima huitumia, fruktosi nyingi huishia kwenye ini. Ikija kidogo kidogo, ini linaimudu. Ikija kwa wingi na kwa kasi, kila siku, tena juu ya chakula kilichokwisha kukushibisha, sehemu yake hugeuzwa mafuta. Mengine hubaki kwenye ini, mengine huingia kwenye damu. Asidi ya yuriki nayo hupanda, ile inayoleta jongo, ugonjwa wa maumivu makali ya viungo.

Sasa angalia. Kishada kimoja cha zabibu za Hombolo unakitafuna, unatema mbegu, unaongea na mwenzako. Maji na nyuzinyuzi vinapunguza kasi. Soda ya mililita 350 ina gramu 35 hivi za sukari, vijiko karibu tisa vya chai, na kwa jua la hapa Dodoma inaisha ukiwa bado umesimama dukani! Juisi ya zabibu nayo, hata ukikamua mwenyewe, iko upande wa soda. Asali ya Manyoni vilevile, samahani kwa wapenzi wake. Zabibu kavu kula chache, maji yameondoka, sukari imebaki.

Ila kama una kisukari, kiasi cha zabibu kipange na daktari wako.