MUULIZE MJOMBA: Bomu liko Nairobi, mbona njaa iko Diani?

SWALI: Shikamoo Mjomba. Mimi nauza vinyago na vikoi hapa Diani, kusini mwa Mombasa, huu mwaka wa kumi na tano, na babangu aliuza hapahapa. Kuna jambo halijawahi kuniingia akilini. Mashambulizi ya Al-Shabaab yalikuwa mbali, duka la Westgate liko Nairobi, Mpeketoni ni Lamu, Garissa ni mbali kabisa, hapa kwetu hata risasi moja haikulia, lakini sisi ndio tulikaa miezi na miezi bila kuuza hata twiga mmoja. Kwani wazungu hawajui ramani? Na je, ni nchi nzima inayoumia ama ni sisi wa pwani tu? Siku hizi nikisikia fununu yoyote usingizi unakatika.
Muuza vinyago, Ukunda

JIBU: Marahaba mpwa wangu, na pole sana. Ramani wanaijua, lakini mtalii mwingi wa pwani yetu alikuwa ananunua safari nzima nzima, ndege hoteli na chakula, kwa kampuni ya kwao, na ile kampuni kabla ya kitu chochote inaangalia serikali yake imesemaje. Serikali ya Uingereza ikiandika kwamba raia wake wasiende mahali fulani ila kwa jambo la lazima, bima nyingi za safari zinakufa hapo hapo, mtu akivunjika mguu hakuna wa kumlipia hospitali, na hakuna kampuni itakayokubali kulaza wageni mahali hawana bima.

Rudi Mei 2014. Ilani ya Uingereza ilitaja kisiwa cha Mombasa na ukanda wa pwani kuanzia Mtwapa mpaka Tiwi. Tiwi, jirani zako! Diani yenyewe haikuwemo, na uwanja wa ndege wa Moi, ule wa Mombasa, haukuwemo pia. Lakini mgeni akishuka pale uwanjani atafikaje kwako? Ilikuwa lazima aingie kisiwani, apange foleni ya feri, avuke atokee Likoni, na huko kote ni ndani ya ilani. Basi Thomson na First Choice, kampuni za safari za Uingereza, wakawabeba wateja wao kuwarudisha kwao, mamia ya watu, wengine likizo haijafika hata nusu, na ndege zao za chata, yaani za kukodiwa, zikasimamishwa mpaka mwisho wa Oktoba. Ilani ikaja kulegezwa Juni 2015, yaani mwaka na ushee, na wewe muda wote huo unapangusa vumbi kwenye twiga.

Kuhusu nchi nzima, ndiyo inaumia, ila haiumii sawa. Mwaka 2011 Kenya ilipokea wageni kama milioni 1.8, kufika 2015 walikuwa chini ya milioni 1.2. Siwezi kuwabebesha Al-Shabaab mzigo wote maana na Ebola ya Afrika Magharibi ilitisha watu mwaka 2014, lakini hesabu ilianza kushuka mapema, baada ya wale wageni waliotekwa Kiwayu na Manda kule Lamu 2011, halafu Westgate 2013 watu 67 wakauawa, na chuo kikuu cha Garissa 2015 watu 148. Dola zikipungua shilingi inalegea, kodi inapungua, na wakati huohuo serikali inatakiwa iongeze askari na magari, pesa ambazo zingejenga zahanati.

Na inafika mahali hupafikirii. Mwaka ule wa 2014 nilipita Bamburi kwa fundi cherehani wangu, kazi yake kubwa ilikuwa foronya na mapazia ya hoteli. Nilimkuta na robota la kitambaa cheupe limekatwa nusu, hoteli imempigia simu kwamba asimamishe, na kitambaa alichukua kwa mkopo. Vijana wake wawili alishawaambia warudi makwao. Kile kitambaa akaishia kukikata kanzu za watoto za Idd. Huyu mzee hajawahi kuongea na mtalii hata siku moja! Sasa ongeza muuza mayai, mvuvi, mama wa mchicha, na yule kibarua wa hoteli ambaye ndiye wa kwanza kuambiwa kaa nyumbani tutakuita. Lamu ndio waliumia zaidi, kafyu iliyowekwa baada ya Mpeketoni ilidumu miezi, na mvuvi wa usiku asiyeruhusiwa kutoka usiku atakula nini?

Lakini usingizi wako nataka urudi. Januari 2019 Al-Shabaab walishambulia hoteli ya Dusit pale Nairobi, wakaua watu 21, na bado mwaka huo wageni walikuwa kama milioni 2. Safari hii serikali za wageni wetu hazikufunga mlango wa pwani, na sisi wenyewe tulishaanza kujaza hoteli zetu. Tangu treni ya Madaraka ianze 2017, Mnairobi anapanda asubuhi mchana yuko Mombasa na watoto wake. Huyo twiga hamtaki, anao kwenye mbuga dakika chache kutoka kwake, ila ndara za shanga, vikoi, nguo za kuogelea za watoto, mabuyu ya kubebea majirani, hivyo atanunua, na mtabishana bei kwa Kiswahili. Mwezi wa Disemba weka nusu ya meza kwa ajili yake. Na deni la chama chenu cha kuweka akiba kama unalo, waambie wenzako mapema kabla mauzo hayajalala, wakijua mapema watakusikiliza.

SWALI: Shikamoo Mjomba, nasomea utalii hapa Arusha. Jamaa darasani wanasema Kenya ikishambuliwa sisi Tanzania tunavuna. Ni kweli?
Mwanafunzi, Arusha

JIBU: Marahaba. Wapo watakaobadilisha tiketi, ndio, lakini wengi huchukua Maasai Mara na Serengeti kwenye safari moja, wanashukia Nairobi wanaingia kwenu kwa mpaka wa Namanga, akifuta ya kwanza amefuta na ya pili. Na mgeni wa mbali hatutenganishi hivyo, mwaka 1998 bomu lililipuka Nairobi na Dar siku moja. Ukipata nafasi nenda Namanga uongee na madereva wa shato, yale magari ya abiria ya Nairobi, waulize mwaka 2014 walikuwa wanavuka na viti vingapi vitupu, halafu uwapelekee jibu wenzako darasani.