Sauti Usingizini na Kumbukumbu za Uzeeni

Swali: Mama yangu ana umri wa miaka 71 na ameanza kusahau mambo madogo madogo. Nimesikia kwamba sauti ikipigwa mtu akiwa katika usingizi mzito huimarisha kumbukumbu. Je, nikimwachia sauti ya mvua kwenye simu usiku kucha, itamsaidia?

Jibu: Ndugu msomaji, ulichosikia kina msingi wa kweli, lakini watafiti hawakupima sauti ya usiku kucha. Walipima milio mifupi mno, kila mmoja wa milisekunde 50 hivi, iliyopigwa kwa kufuata mawimbi ya ubongo wa mlalaji mwenyewe.

Katika usingizi mzito, ambao huja zaidi katika theluthi ya kwanza ya usiku, seli nyingi za gamba la ubongo hunyamaza kwa pamoja kisha huamka kwa pamoja, chini kidogo ya mara moja kwa sekunde, na elektrodi zilizobandikwa kichwani huonyesha mwenendo huo kama mawimbi makubwa ya polepole. Wimbi linapopanda, hufuatana na mitetemo mifupi ya kasi, ya hezi 12 hadi 15 hivi (yaani mara 12 hadi 15 kwa sekunde), na wakati huohuo hipokampasi, ambayo ndiyo hupokea kumbukumbu mpya, hurudia yale ya mchana na kuyapeleka kwenye gamba ili yahifadhiwe. Kuanzia umri wa makamo mawimbi haya hupungua ukubwa, hasa sehemu ya mbele ya ubongo, na ndiyo maana wazo la kuyasaidia kwa sauti limewavutia wengi wetu tunaoshughulika na usingizi wa wazee.

Mwaka 2013 watafiti wa Ujerumani walichapisha jaribio la vijana 11 waliojifunza jozi za maneno kabla ya kulala. Kompyuta ilisoma mawimbi yao papo kwa papo na kupiga mlio kila wimbi lilipokuwa linapanda. Mawimbi yakaimarika, na asubuhi vijana hao wakakumbuka maneno mengi zaidi. Milio hiyohiyo ilipopigwa bila kuoana na mdundo wa ubongo, faida hiyo haikuonekana. Naomba uzingatie jambo hili, kwa kuwa jibu la swali lako limo humo.

Kwa upande wa wazee, Chuo Kikuu cha Northwestern cha Marekani kilichapisha mwaka 2017 jaribio la watu 13 wenye umri wa miaka 60 hadi 84. Kila mmoja alilala usiku mmoja kwa milio na mwingine bila milio, na maendeleo yao katika jaribio la maneno asubuhi yalikuwa takriban mara tatu zaidi baada ya usiku wa milio. Matokeo hayo yanatia moyo, lakini watu 13 ni wachache mno kwa kumwandikia mgonjwa tiba. Isitoshe, mwaka 2019 utafiti mwingine ulikuza mawimbi bila kumbukumbu kunufaika, na mwaka 2020 watu wa makamo walionyesha mwitikio dhaifu kuliko vijana.

Sauti ya mvua kwenye simu haijui wimbi la mama linapopanda wala linaposhuka, na haijui hata kama amelala. Inaweza kumtuliza na kufunika kelele za nje, jambo ambalo si dogo, lakini usitegemee imkinge na usahaulifu. Iwapo anaipenda, iwe ya chini, isipigwe sikioni, na ipangiwe kuzima yenyewe akishasinzia, kwa sababu sauti inayomgutusha humpunguzia usingizi uleule tunaotaka kuulinda.

Mimi ningeanza kwingine. Chunguza kama anakoroma na pumzi yake hukatika usingizini, kwani hali hiyo huvunjavunja usingizi mzito na ina matibabu. Uliza pia kuhusu dawa anazotumia: baadhi ya dawa za usingizi humlaza mtu haraka huku zikipunguza mawimbi ya polepole, ila asiache dawa yoyote bila ushauri wa daktari. Usahaulifu wenyewe upimwe mapema, maana upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo inayofanya kazi chini ya kiwango, sonona na usikivu uliofifia vyote vinaweza kufanana na mwanzo wa ugonjwa wa kusahau, na vingi kati ya hivyo hutibika.